Baraza la gombolola lisilo na gari linaweza kufanya nini kuhusu hewa ya ukaa?

Swali: Mzee, salaam nyingi kutoka Busia, Uganda. Mimi ni kansela wa kina mama katika gombolola moja ya wilaya yetu, na hiki ni kipindi changu cha kwanza. Kwenye semina tuliambiwa kila baraza lina wajibu wa kupunguza hewa ya ukaa na kulinda mazingira na viumbe wake. Niliporudi na kulisema hilo barazani, wenzangu walicheka. Hatuna kiwanda hata kimoja, hatuna gari, na mapato ya soko hayatoshi hata marupurupu ya vikao. Mmoja akasema waanze Wachina na Wamarekani. Je, kweli baraza la gombolola, yaani LC3, lina la kufanya, au hii ni kazi ya NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na sisi tupande miti ya kupigiwa picha tu?

Jibu:

Mheshimiwa kansela,

Kabla sijakujibu wewe, acha nimjibu huyo mwenzako aliyetaja Wachina na Wamarekani, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli, na ukiipuuza nusu hiyo hatakusikiliza tena. Ukihesabu petroli, dizeli, gesi na makaa ya mawe peke yake, Mganda mmoja kwa wastani hutoa tani 0.1 hivi ya hewa ya ukaa kwa mwaka. Mmarekani hutoa kama tani 14. Mama anayeuza nyanya sokoni Busia hakuiharibu hali ya hewa ya dunia, na mtu yeyote anayemzungumzia kana kwamba yeye ndiye mkosaji anamwonea. Liseme hilo barazani, mbele ya watu wote, umpe mwenzako haki yake.

Kisha umkumbushe Mbale, usiku wa kuamkia tarehe 31 Julai 2022. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika ikaua watu zaidi ya 20. Mvua ilikuwa kubwa, ni kweli. Lakini kingo za mito hiyo zilikuwa zimelimwa na kujengwa mpaka majini, na huko juu mlimani miti iliyokuwa ikiyashika maji ilikuwa imekwisha. Hilo halikufanywa na Mchina. Lilifanyika kidogo kidogo, shamba kwa shamba, kiwanja kwa kiwanja, mbele ya macho ya mabaraza.

Hapo ndipo jibu langu linapoanzia. Umeme wetu mwingi unatokana na maji: bwawa la Nalubaale tangu 1954, halafu Bujagali, Isimba, na sasa Karuma yenye megawati 600. Viwanda vyetu ni vichache. Kwa hiyo hewa ya ukaa ya Uganda, na gesi nyingine zinazopasha joto dunia, kwa sehemu kubwa hutoka ardhini na jikoni: msitu uliofyekwa, kinamasi kilichokaushwa, kuni na makaa, mifugo, na taka zinazooza. Mwaka 1990 misitu ilifunika karibu asilimia 24 ya nchi yetu. Kufikia 2015 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9. Serikali imeahidi kwamba kufikia 2030 gesi hizi zitakuwa pungufu kwa asilimia 24.7 kuliko ambavyo zingekuwa tusingefanya lolote. Ahadi hiyo haiwezi kutimizwa na wizara iliyo Kampala. Anayejua ni nani anachimba mtaro kwenye kinamasi cha kijiji fulani ni mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji hicho. Anayejua shule inanunua kuni wapi ni wewe.

Sheria nayo imewapa kazi hiyo zamani. Katiba ya 1995, kifungu cha 237, inasema maziwa, mito, vinamasi na hifadhi za misitu vinashikiliwa na serikali kuu au serikali ya mtaa kwa niaba ya wananchi. Kwa Kiswahili chetu hiyo ni amana, na mtu aliyewekewa amana hawezi kuiuza wala kuigawa. Sheria ya Serikali za Mitaa ya 1997 inaliruhusu baraza la gombolola kutunga sheria ndogo, ilimradi zisipingane na Katiba, sheria za Bunge wala sheria za wilaya. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2021 inaitaka kila wilaya iwe na mpango wake wa utekelezaji, na mpango wa wilaya usiojengwa juu ya mipango ya magombolola ni karatasi tupu. Kwa hiyo ukiulizwa kama hii si kazi ya NEMA, jibu ni kwamba NEMA ni msimamizi wa nchi nzima, na watumishi wake hawawezi kufika katika kila muluka, ngazi iliyo kati ya kijiji na gombolola. Amana iko kwenu.

Sasa nije kwenye kazi yenyewe. Nilikuwa afisa mazingira katika wilaya moja ya mashariki kwa zaidi ya miaka ishirini. Ningepewa kipindi kimoja tu cha baraza na mfuko mtupu, ningeweka nguvu zangu zote katika mambo mawili: vinamasi, na majiko ya shule. Mengine ningeyafanya kwa nafasi iliyobaki.

Nianze na kinamasi. Ukichimba shimo kwenye kinamasi cha mafunjo ambacho hakijaguswa, utakuta udongo mweusi, laini, wenye nyuzinyuzi. Udongo huo ni mafunjo yaliyokufa kwa mamia ya miaka yakazama bila kuoza sawasawa, kwa sababu chini ya maji hakuna hewa. Hewa yote ya ukaa ambayo majani yale yalivuta kutoka angani, kizazi baada ya kizazi, imewekwa pale kama akiba. Mtu akichimba mtaro maji yakatoka, hewa inaingia, udongo ule unaanza kuoza, na akiba inarudi angani. Kiangazi kikija anauchoma ili apande, na kilichosalia kinakwenda na moshi. Baada ya misimu michache shamba linashuka, ardhi inapasuka, na rutuba aliyoikimbilia haipo tena. Wapo watakaokuambia kwamba kinamasi chenyewe hutoa methani, gesi nyingine inayopasha joto dunia. Ni kweli, hutoa, na mpunga uliojaa maji nao hutoa. Lakini kukikausha hakuondoi deni. Kunafungua ghala la karne nyingi na kulimwaga ndani ya maisha ya mtu mmoja. Na korongo taji, yule ndege aliye katikati ya bendera yetu, hutaga mayai yake humo humo kwenye majani ya kinamasi. Kikifa kinamasi, tutabaki naye kwenye bendera.

Watu wako hawatashawishika kwa hesabu ya hewa ya ukaa, wala hakuna haja. Zungumza nao juu ya maji. Kila mtu wa Busia anakumbuka chemchemi iliyokuwa haikauki na sasa inakauka Januari. Kinamasi ndicho kinachoilisha.

Sasa kosa ambalo nimelishiriki mwenyewe, nikuambie ili usilirudie. Miaka mingi iliyopita tulikwenda kuwaondoa wakulima wa mpunga kwenye kinamasi kimoja. Tulikwenda na polisi, tukakata mimea, tukaziba mitaro, tukaandika ripoti nzuri. Misimu miwili baadaye wakulima wote walikuwa wamerudi, na safari hii walikuwa na hasira, na mwenyekiti wa kijiji aliyekuwa ametusaidia alipoteza kiti chake. Tulichukua chakula cha watu bila kuweka kitu mahali pake. Tuliporudi tena tulikwenda bila polisi. Tulikaa chini ya mwembe siku tatu na wazee, wakulima, wasuka mikeka na wenye ng'ombe, tukauliza swali moja: maji yalikuwa yanafika wapi zamani? Wazee walituonyesha. Tulikubaliana sehemu ya katikati isiguswe kabisa. Ukanda unaofuata mafunjo yakatwe kwa zamu, sehemu hii mwaka huu, ile mwaka ujao. Na pembezoni, nje ya maji, watu wachimbe mabwawa ya samaki, waweke mizinga, walime mboga kwa kumwagilia ndoo. Wakulima waliokuwa katikati kabisa walipewa misimu miwili ya kutoka. Haikuwa kazi safi, na wawili walikataa hadi mwisho. Lakini kinamasi kile kipo mpaka leo.

Kabla ya kwenda huko, hata hivyo, kuna mlango mmoja ambao makansela wengi hawaujui, na ndio unaoniuma zaidi. Mtu anapotaka hati ya ardhi, anayekwenda kuitazama ardhi ile ni Kamati ya Ardhi ya Eneo, hapo hapo kwenye gombolola, ndipo maombi yaende kwa Bodi ya Ardhi ya Wilaya. Wajumbe wa kamati hiyo huteuliwa na baraza la wilaya kwa mapendekezo ya baraza lenu. Vinamasi vingi katika nchi hii havikuporwa usiku. Vilipewa hati mchana kweupe, kwa sababu kamati ilisaini ikiwa imekaa ofisini bila kufika. Mwaka 2014 Baraza la Mawaziri liliamua hati zilizotolewa ndani ya vinamasi zifutwe, na kila aliyejaribu kuzifuta anajua jinsi ilivyo vigumu kumnyang'anya mtu karatasi aliyokwisha kuwa nayo. Ni rahisi mara mia kukataa kabla. Basi uliza barazani: wajumbe wa kamati yetu ni nani? Wanafika kwenye ardhi kabla ya kusaini? Wanajua kwamba kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 30 kila upande wa mto mdogo, mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa, na mita 200 kwenye ufuo wa maziwa makubwa kama letu la Victoria? Waandikieni vipimo hivyo kwenye karatasi moja, kwa Kiswahili, Kisamia na Ateso, mwibandike kwenye mlango wa ofisi. Gharama yake ni wino.

Na kinamasi kinaweza kulisha watu kikiwa hai. Bigodi, wilaya ya Kamwenge, wanakijiji walianzisha kikundi chao mwaka 1992, kinaitwa KAFRED, wakaanza kuwatembeza wageni kwenye kinamasi chao kilicho karibu na Hifadhi ya Kibale kuona nyani, kima na ndege. Fedha hizo zimesaidia shule ya sekondari na miradi ya kijiji. Sikuambii Busia itapata watalii kama Bigodi. Wao wana sokwe jirani. Ninachokuonyesha ni kwamba walianza wenyewe, kijijini, bila kungoja mradi mkubwa uwafikie.

Sasa majiko ya shule. Jambo hili halionekani la heshima, ndiyo maana halimo kwenye hotuba. Nenda shule yoyote ya msingi katika gombolola yako saa nne asubuhi. Utakuta sufuria kubwa juu ya mafiga matatu, moto umetandazwa pande zote, mpishi amefunga kitambaa usoni, na nyuma ya jiko kuna rundo la magogo mabichi. Uji, posho na maharagwe, kila siku ya shule, mihula mitatu. Zidisha kwa shule zote za gombolola, za serikali na za watu binafsi, ongeza kituo cha afya na hoteli za kwenye senta. Hakuna mtumiaji wa kuni anayewazidi hawa, na tofauti na kaya elfu kadhaa, hawa unaweza kuwaita katika chumba kimoja.

Waite. Waulize walimu wakuu maswali matatu: malori mangapi ya kuni kwa muhula, kwa shilingi ngapi, na yanatoka wapi? Swali la tatu litawanyamazisha, kwa sababu wengi hawajawahi kuuliza. Halafu anza na mambo yasiyo na gharama. Maharagwe yalowekwe usiku kucha. Muda wa kuyachemsha unapungua sana, na kuni zake zinapungua pamoja nao. Sufuria ifunikwe. Kuni zipasuliwe na zikaushwe chini ya paa mwezi mzima kabla ya kutumika, kwa sababu kuni mbichi hutumia moto wake mwenyewe kukausha maji yaliyomo. Nimeona shule zikipunguza manunuzi yao kwa hayo matatu tu, kabla hata ya tofali moja kuwekwa.

Kisha jiko lenyewe: jiko la taasisi la matofali, sufuria ikae imezama ndani, mdomo mdogo wa kuni, bomba la kutoa moshi nje. Likijengwa vizuri hupunguza kuni kwa nusu au zaidi, na mpishi anaacha kukohoa. Pesa ya kulijenga ni ile ile ambayo shule ingenunulia kuni. Tatizo ni kwamba inahitajika kwa mkupuo. Hapo ndipo baraza linaposaidia, kwa kukopesha shule moja kutoka kwenye bajeti, ikarudisha kwa kile ilichookoa, na fedha zikahamia shule inayofuata. Katika kamati ya usimamizi wa kila shule ya msingi ya serikali baraza lina mwakilishi wake. Anakwenda kufanya nini kule, kama hili haulizi? Nakuomba pia uangalie fundi ni nani. Majiko mengi niliyoyaona yamekufa yalijengwa na fundi wa nyumba asiyejua kipimo cha mdomo, yakatoa moshi ndani, wapishi wakarudi kwenye mafiga. Mtafute fundi aliyekwisha kujenga jiko linalofanya kazi, ukalione kwanza, ukaongee na mpishi wake bila mwalimu mkuu kuwapo.

Shule yenye ardhi ipande shamba lake la kuni nje ya kinamasi, ikate kwa zamu. Kwa kaya zilizo kwenye senta zenye umeme, waelezeni kwamba kuna bei nafuu ya umeme wa kupikia kwa wanaotumia uniti za kutosha kwa mwezi. Watu wengi hawajui, na bado wanahesabu kwamba sigiri ya makaa ni rahisi kuliko umeme wakati makaa yamekwisha kupanda bei.

Makaa yenyewe ni habari ngumu, hasa kwenu mpakani. Kenya ilipositisha ukataji miti katika misitu yake ya umma na ya jamii mwaka 2018, mahitaji yake hayakukoma. Yalivuka mpaka yakaja kwetu. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa amri ya kuzuia ukataji wa miti kwa biashara ya makaa kaskazini mwa nchi, ambako miti ya asili ya miaka mingi, mishea na mibeyo, ilikuwa inaangushwa na kupakiwa kwenye malori. Lakini amri ya juu haishiki chini ikiwa halmashauri iliyo chini inaishi kwa ushuru wa makaa, na hili lazima mlitazame bila woga. Fungueni vitabu vya mapato. Kama kila gunia linalopita linawaingizia fedha, basi baraza lenyewe ni mbia wa biashara hiyo, na hakuna sheria ndogo mtakayoitunga itakayotekelezwa na mtu ambaye mshahara wake unategemea kuvunjwa kwa sheria hiyo. Tafuteni kwanza chanzo kingine cha kuziba pengo hilo, hata kama ni kidogo kidogo kwa miaka mitatu.

Na mkitunga sheria ndogo, ielekezeni kwenye lori. Nimeona sheria nzuri sana zikiishia kumkamata bibi mwenye gunia moja kichwani huku lori la Fuso limepita na karatasi zake zote. Baada ya mara mbili kama hizo wananchi hawaamini tena neno mazingira. Mchoma makaa wa kijijini mfundisheni tanuri bora: tanuri la udongo la kawaida linaweza kula kilo nane hadi kumi za kuni kutoa kilo moja ya makaa, na tanuri lililojengwa kwa ustadi lenye bomba la moshi hupunguza upotevu huo sana. Hawezi kuacha kazi kwa sababu umemwambia aache.

Juu ya taka nitasema machache. Tarehe 10 Agosti 2024 jalala la Kiteezi, lililokuwa likipokea taka za Kampala, liliporomoka juu ya nyumba na kuua watu zaidi ya 30. Mlima ule ulikuwa zaidi ya nusu vitu vinavyooza: maganda ya ndizi, majani, mabaki ya chakula. Vitu hivyo vikifukiwa bila hewa hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka mia ina nguvu ya kupasha joto takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa. Miaka kama kumi na mitano iliyopita NEMA ilisaidia miji kama Mbale, Soroti, Lira, Jinja, Kasese na Fort Portal kujenga vituo vya mboji, na somo kubwa lililotoka huko ni kwamba taka zikichanganyika na kaveera, mifuko ya plastiki, sokoni, huko mbele hakuna atakayezichambua. Kwa hiyo soko lenu dogo lina bahati kuliko jiji. Wekeni sehemu mbili pale sokoni, ganda huku na kaveera kule, mteueni mtu mmoja wa kusimamia, na maganda yachukuliwe na wenye ng'ombe na mbuzi kabla hayajaoza. Kampala maganda ya matoke yanauzwa kwa wafugaji. Kwenu yanatupwa.

Miti ndiyo unayoiogopa, ile ya kupigiwa picha, na una haki. Mimi mwenyewe nimegawa miche ambayo sikurudi kuitazama. Badilisheni hesabu tu: baraza lisipokee ripoti ya miche iliyogawiwa, lipokee ripoti ya miti iliyo hai baada ya mwaka mmoja. Mkifanya hivyo mtagundua haraka kwamba miti hupona pale mtu anapoitaka. Mwananchi atautunza mparachichi, mfenesi, mvule wa kumwachia mwanawe, msizi wa mbao, miti ya kivuli ndani ya kahawa. Na kuna njia iliyo rahisi kuliko miche: visiki hai. Mashamba mengi yana visiki vya miti ya asili ambavyo huchipua kila mwaka na kufyekwa kila mwaka. Chagueni machipukizi mawili matatu yaliyonyooka, mengine myapogoe, na mti una mizizi tayari. Kalitusi isipandwe kwenye kinamasi wala kwenye chemchemi, hata mfadhili akiileta bure.

Fedha. Najua utaniuliza. Gombolola hubaki na asilimia 65 ya mapato inayokusanya, na katika hizo robo inapaswa kurudi vijijini kwa LC1. Ni kidogo, lakini kidogo hicho ni chenu, na fungu dogo lililoandikwa kwenye bajeti kwa jina lake lina nguvu kuliko ahadi kubwa ya semina. PDM, mpango wa serikali wa maendeleo ya muluka, inaleta shilingi milioni 100 kwa kila muluka kwa mwaka. Waliotoka kwenye kinamasi wawe wa kwanza katika orodha ya kukopeshwa, na mwombaji anayetaka mkopo wa kulima mpunga ndani ya maji aambiwe hapana. Hapo pekee mtakuwa mmefanya kazi ambayo polisi wetu hawakuiweza. Wilaya za Kasese, Kitgum, Nebbi, Nwoya na Zombo zilipata ruzuku za tabianchi kupitia mpango wa Umoja wa Mataifa uitwao LoCAL, na fedha hizo hupimwa kwa utendaji, kwa hiyo wilaya yenye kumbukumbu nzuri ndiyo inayoweza kuzungumza. Ng'ambo ya mpaka, kaunti ya Makueni ilitunga kanuni za mfuko wake wa tabianchi mwaka 2015, ikatenga sehemu ya bajeti ya maendeleo na kuziachia kamati za wananchi kuchagua miradi. Una ndugu na marafiki upande wa Kenya. Waulize jinsi kamati hizo zinavyokaa.

Jihadharini na jambo moja jipya. Watakuja watu wenye fomu, watasema wananunua hewa ya ukaa, watataka baraza lisaini kwa niaba ya wananchi. Biashara hiyo ipo kweli. Kusini magharibi mwa nchi wakulima wamekuwa wakilipwa kwa miti yao tangu 2003 kupitia shirika la ECOTRUST, kila mkulima na mkataba wake, malipo yakitolewa kwa awamu baada ya miti kukaguliwa. Lakini mtu anayetaka saini ya leo juu ya ardhi ya watu wengine kwa miaka mingi ijayo, bila mkataba kusomwa kwa lugha yao, mrudisheni alikotoka.

Umeniambia ni kipindi chako cha kwanza, kwa hiyo sitaki uende na hoja kumi. Kikao kijacho peleka mbili. Ya kwanza, Kamati ya Ardhi ya Eneo ije mbele ya baraza ieleze ni maombi mangapi iliyoyapitisha mwaka huu na ni mangapi yako karibu na maji. Ya pili, walimu wakuu waje na hesabu ya kuni zao. Zote mbili hazihitaji shilingi, kwa hiyo hakuna atakayezikataa kwa kisingizio cha bajeti. Kama yule aliyecheka ana shamba kwenye kinamasi, na mara nyingi huwa ndivyo, zungumza naye kwanza nyumbani kwake, kwa heshima, kabla ya kikao.

Na kati ya Desemba na Februari, ardhi ikiwa kavu, tembea mpaka wa kinamasi kikubwa kuliko vyote katika gombolola yako. Nenda na wenyeviti wa LC1 na wazee wawili watatu waliozaliwa hapo. Mchukue na afisa mazingira wa wilaya kama atapatikana. Kama hana mafuta ya pikipiki, nendeni bila yeye. Kila mzee atakaposimama na kusema maji yalifika hapa, pigilia kigingi, andika jina la mwenye shamba na tarehe, na mwenye shamba mwenyewe atie saini kwamba alikuwepo.